Jibu la Jikoni

Kabla watu hawajakaa vizuri kwenye ukumbi wa studio, fundi wa sauti alishapita safu ya mbele akiomba simu zizimwe. Alipofika kwa mke wa Pumzi akainama.

"Mama, tafadhali sana. Kile kipaza sauti kinasikia hata mtu akimeza mate."

"Mwanangu, nimeishi na kelele maisha yangu yote. Kunyamaza mchana mmoja kutanishinda?"

Akaweka mkoba mapajani, akabana midomo. Uzito wa mchana ule aliujua. Mumewe, aliyepewa jina la Pumzi kwa jinsi alivyopuliza saksafoni bila kuonekana akivuta hewa, alikuwa amezeekea nyuma ya waimbaji wengine. Rekodi alizopiga ni nyingi, yenye jina lake hakuna. Sasa kifua kilianza kukwaruza, na daktari akamwambia aache kupuliza. Akakubali, lakini baada ya rekodi moja: jazi ya bebop, ile ya mbio, mbele ya watu, mwanzo hadi mwisho.

"Nikiharibu ndiyo basi," alimwambia mkewe asubuhi akifunga vifungo vya shati. "Kifua cha kurudia sina."

Wakaanza. Mpiga ngoma, mnene mwenye mikono myepesi, akatangulia. Besi ikafuata, piano ikachokoza kidogo kidogo, kisha Pumzi akaingia. Noti zilimwagika kama maharage yanayomiminwa kwenye sufuria, na bado kila moja ilijua pa kuangukia.

Mkewe alizitambua zote. Miaka nenda miaka rudi amezisikia akimenya vitunguu, mume amekaa kwenye stuli kando ya friji, kiatu kimoja kakivua. Kila akifika katikati ya wimbo hunyamaza, kama mtu aliyebisha hodi akangoja. Naye, bila hata kugeuka, humjibu: "Haya, mzee!" Hapo ndipo Pumzi hurudi kwa kasi.

Na sasa wimbo ulikuwa unakaribia palepale. Hakuna aliyekuwa amewaza kwamba leo lile "haya" halitakuwepo, si yeye, si mumewe.

Pumzi akapuliza ile hodi yake, akanyamaza. Ngoma zikazunguka. Zikazunguka tena. Saksafoni mdomoni, macho kayafumba, bega moja juu, hapulizi. Mpiga piano akaziba pengo huku akimtazama mpiga ngoma, naye mpiga ngoma akapandisha nyusi. Nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, fundi wa sauti alisimama.

Mke akakitazama kipaza sauti. Akakitazama kifua cha mumewe. Ameahidi, ni kweli. Lakini mtu wako unamwachaje mlangoni?

"Haya, mzee!"

Ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Watu wakageuka. Pumzi hakufumbua macho. Shavu lilicheka kidogo, akaingia kwa kasi ambayo hata jikoni mkewe hakuwahi kuisikia, akaenda nayo mpaka mwisho.

Makofi yalipotulia, fundi akaja mbio.

"Mzee, imetoka safi! Ile sauti ya mama usijali, nitaifuta."

"Ukiifuta hiyo, nifute na mimi," Pumzi akasema akihema.

Mkewe alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, mwanangu. Mdomo umenitoroka."

"Shemeji, usiombe msamaha!" mpiga ngoma akadakia. "Sisi wote tulishapotea. Siku nyingine uje na sufuria kabisa."

Rekodi ilipofika nyumbani waliisikilizia jikoni. Saksafoni ilikuwa ndani ya kasha lake, juu ya kabati. Mama akasikia sauti yake ikipasua wimbo, akaficha uso kwa upande wa kanga.

"Jamani! Kama nafukuza kuku!"

Pumzi aliurudisha wimbo mwanzo, akavua kiatu kimoja. Ulipokaribia pale katikati, akamgeukia.

"Jibu basi."

"Si nimeshajibu humo ndani?"

"Hilo ni la watu. Mimi nataka langu."

Mkewe akachukua kitunguu, akamgeuzia mgongo kama ilivyo kawaida yake, akangoja pengo lifike.