Ingeborg Hajaambiwa

Nilipojifungua kitinda mimba wangu, nilimpa jina la Ingeborg. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Shemeji yangu Théodore aliuliza kama hilo ni jina la mtu au la dawa ya kikohozi. Nikamwacha acheke. Ingeborg ni bibi mmoja wa Ulaya aliyekuwa akimsomesha binti yangu Carine tangu darasa la kwanza, kupitia mradi unaofadhili watoto wa kijiji chetu, nje ya mji wa Likasi, kwenye njia ya Mwadingusha. Mtu akikulelea mtoto miaka yote hiyo, utampa nini? Mbuzi hapandi ndege. Kwetu unampa jina, naye anakuwa ndugu.

Lakini jina lina taratibu zake. Mwenye jina lazima aambiwe, naye atume neno lolote, hata salamu tu, ili mtoto ajulikane. Bila hivyo mtoto hulibeba jina kama nguo ya kuazima. Basi nikamkalisha Carine aandike: "Bibi, umezaliwa tena kwetu. Mudogo wangu anaitwa Ingeborg. Umusalimie." Sikuomba hata sindano.

Barua zote hupitia kwa Germain, msimamizi wa mradi, anayekuja kutoka mjini na pikipiki. Mgongoni mwa fulana yake pameandikwa kwa Kifaransa: maendeleo ya muda mrefu. Aliisoma barua akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mama Carine, hii barua haiwezi kuenda. Règlement, sheria ya mradi, inakataza. Marraine, ule mufadhili wenu, atawaza muko namuomba asomeshe mutoto wa pili."

"Minye namuomba nini? Namupatia jina."

"Mama, weye unajua, na minye najua. Mwenye jina analeta kitenge, analeta sabuni. Siye tunajenga communauté, kijiji yote, hatutengeneze famille, mambo ya undugu."

Nilikasirika. Kisima wamechimba, sikatai, na maji yake tunakunywa. Shule wameiezeka. Kila penye bati jipya wamepachika kibao cha kuwashukuru wafadhili. Lakini mimi kumwambia bibi wa watu kwamba ana mjukuu huku, hilo ni kosa. Germain akamwambia Carine la kuandika, naye akaandika: "Niko muzuri. Ninasoma. Merci."

Tulijaribu tena Pasaka, akakataa tena. Mvua zilipoanza tukaificha habari katikati ya maneno ya mahindi na mihogo, Germain akaikuta na kuikata kwa kalamu. Wakati huo Ingeborg wangu alikuwa ameanza kutembea. Kila akipata homa, mama mkwe ananitazama, na mimi najua anachofikiri. Mtoto huyu hajasalimiwa.

Halafu Germain akaja siku isiyo ya barua. Alivua kofia ya pikipiki kabla hajafika uani.

"Mama Carine, marraine Ingeborg alikufa. Ni mwezi uliopita, watu wa bureau, ofisi ya mujini, wameniambia sasa."

"Alijua iko mutoto iko na jina yake?"

Aliitazama kofia yake. "Hapana, Mama."

Kisha akatoa karatasi na kalamu. "Lakini tumepata parrain mupya, mufadhili mwingine, Carine hatakosa masomo. Inafaa amuandikie leo, amusalimie."

Nilitandika mkeka uani, nikafunga kitambaa kiunoni, nikakaa chini na Ingeborg mapajani. Nililia kwa sauti, kwa uchungu na kwa hasira, wala sijui kipi kilizidi. Théodore akaja, akauliza nani amekufa. Nilipomwambia, hakucheka. Alivua viatu akaketi kando yangu. Germain alibaki amesimama karibu na pikipiki yake, hajui akae au aondoke.

Carine ndiye aliyeichukua kalamu. Hakuna aliyemwambia la kuandika. Aliinama juu ya kigoda akaandika upesi, akampa Germain karatasi, akaja kukaa nasi kwenye mkeka.

Germain aliisoma kwa sauti: "Niko muzuri. Ninasoma. Merci." Akasema sasa hii imekaa sawa, itaenda leo leo.