Swali la Tatu la Loïc

Loïc wa ofisini alituandikia maswali matano tuyajibu mbele ya simu yake, video ziwekwe mtandaoni ili watu waone tunavyoipenda kazi ya sabuni. Upuuzi mtupu! Lakini patroni, mwenye kiwanda, alikuwa amekaa pale karibu na dirisha, basi nikafunga kitambaa changu vizuri nikakaa.

La kwanza nilijibu: mi naitwa Hayat, wa mtaa wa Jabe. La pili: miaka sita hapa kiwandani.

"Nani alikufundisha kazi?"

"Mzee Ilyasi, Allah amrehemu."

Ulimi umezoea. Kwetu jina la marehemu halitajwi bila dua.

Hapo nikagundua nilichosema. Hapa kiwandani Mzee Ilyasi hajafa. Patroni alitutangazia kwamba ameacha kazi, amekwenda Uvira bila kuaga, na mkewe bado anamngoja. Mimi peke yangu niliona, kupitia ufa wa mlango wa chumba cha kuchemshia, patroni na dereva wake wakiifunika maiti ya mzee kwa magunia. Miezi minne sasa, hata mama sijamwambia.

Loïc hakushtuka, akaanza kusoma swali la nne. Patroni akamnyamazisha kwa mkono.

"Zima simu. Toka, ufunge mlango."

Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Hayat, binti yangu. Nani alikwambia amekufa?"