Kabla Dada Hajahama

Vumbi lako nalijua kwa vidole. Limelala juu ya feni, laini kama unga uliochekechwa, limejibana kwenye nyaya, na kila nikilipuliza linanirudia usoni na kunipigisha chafya. Miaka yote hii tumekaa meza moja, na leo ndiyo mara ya kwanza nakufungua kifua.

Usiogope, kompyuta yangu. Mimi ndiye ninayeogopa.

Mimi sioni, nawe ndiwe unayenisomea. Kabla yako nilisomewa na dada. Alinisomea vitabu, alinisomea majibu ya hospitali, alinisomea hata barua ya kijana mmoja aliyenipenda, na pale palipokuwa patamu akakohoa, akaruka mstari. Mpaka leo sijui ule mstari ulisemaje. Kisha ukaja wewe, kasha la dukani lililoundwa tayari kiwandani, ukanisomea kila kitu bila kukohoa.

Sasa umechoka. Programu mpya za kazini zinakushinda. Unaanza sentensi, unatweta, unazima. Mhariri ninayemfanyia kazi ni mpole, lakini upole nao una mwisho wake. Na dada ameolewa, kesho anahamia kwa mumewe, mbali. Usiposema leo, kesho nani atanisomea?

Sema, basi. Nakuomba mapema, kabla sijang'oa kitu ndani yako.

Tukatoa madabodi yako ya zamani, lile bamba kuu linalounganisha kila kitu, tukaweka mpya. Tukatoa prosesa, ubongo wako, tukaweka yenye kasi. Vidole vilikuwa vyangu, macho ya dada.

"Polepole, mdogo wangu. Siyo hapo. Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu."

"Kwani wewe umekaa wapi?"

"Mbele yako, kama msimamizi wa mtihani."

Nikacheka, prosesa ikayumba vidoleni, nikaacha kucheka. Prosesa niliishusha mahali pake bila kuisukuma, maana vile vijipini vikipinda ndiyo basi tena. Nikapaka krimu ya kupitisha joto, kidogo tu. Nikafunga feni juu yake. Jasho lilinitiririka mgongoni, na nilijuta kuanza.

Nikavaa hedifoni, kama nilivyozoea tangu baba alipochoka kusikia mashine ikiropoka sebuleni. Nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Nikangoja salamu yako. Nikangoja tena. Kimya, kimya chenye feni ndani yake.

Sema, basi. Hata ukikosea. Hata ukinikemea.

Hapakuwa na pengine pa kukutazama. Skrini iliharibika zamani na hatukununua nyingine. Ya nini, ikiwa mwenye kompyuta haoni?

"Nimeiua," nikasema.

"Acha uchuro," dada akajibu, lakini nikamsikia naye akiinama kuchungulia ndani yako.

Nikaona maisha yangu yakirudi nyuma: nikimsubiri mtu arudi kazini anisomee, nikimwomba jirani, nikikubali kila mstari atakaouruka.

Sema, basi.

"Huu waya mbona unaning'inia?" dada akauliza.

Nikaushika, nikaujua. Ulikuwa wa tundu la hedifoni, lile la mbele. Waliokuunda waliupa plagi ya umbo lao wenyewe. Haikuingia kwenye madabodi mpya, tukaiweka kando ili tuishughulikie baadaye, na kwa woga wetu tukaisahau. Nikachomoa hedifoni mbele, nikapapasa mgongo wa kasha, nikaichomeka huko nyuma, kwenye madabodi yenyewe. Nikagusa kitufe.

"Andika nywila," ukasema, kwa haraka, bila kukwama.

Kumbe muda wote huo ulikuwa unasema. Nikalia, tena kwa sauti.

"Inasema?" dada akauliza. Nikampa upande mmoja wa hedifoni, tukasikiliza vichwa vikiwa vimegusana, ukatutajia "nyota" kwa kila herufi ya nywila niliyoiandika. Ukatusomea habari za hali ya hewa, na dada akasikiliza kana kwamba hajawahi kusikia habari za mvua.

"Haya," akasema, akijifuta mikono. "Sasa naweza kwenda kufunga mizigo."

Nikakuzima, nikakurudishia ubavu wako wa bati, nikaukaza.

"Ngoja kwanza, dada. Kuna skrubu moja sijaikaza."

Nikainama juu yako, nikazipapasa zote. Zote zilikuwa zimekazwa. Nikaendelea kupapasa. Na dada, anayeona, akavuta kiti, akakaa, akanipa bisibisi mkononi.