Uzito wa Kopo la Baba

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, maziwa ya ng'ombe Kidoti yaligusa alama ya lita kumi na nusu. Mwanamke aliyemkamua aliinama hadi macho yakawa sawa na mstari, akasoma tena, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa amefurahi. Ndipo akaandika. Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi Gramu, na hakuona kosa katika jina hilo.

Muuza nyama angefika saa tatu. Kaka mtu alikuwa ameshakata shauri la kumuuza: Kidoti ana uzao wa saba, na ndani ya wiki mbili maziwa yake ya asubuhi yameshuka kutoka lita kumi na moja hadi tisa. "Ameshakula chumvi ya kutosha," alisema. Dada aliomba wiki moja, na wiki ilikuwa inaisha leo.

"Kumi na nusu," alimwambia kaka yake alipoingia zizini.

"Umetia maji?"

"Onja."

Hakuonja. "Wenzake umewanyima nini?"

"Hakuna niliyemnyima. Yeye nimemwongeza. Siku sita sasa anakula makopo sita na nusu ya oti kwa siku, badala ya manne."

Kaka alitazama msumari wa mlangoni. Kopo la marehemu baba yao lilining'inia hapo, la bati, limebonyea ubavuni. Mawili asubuhi, mawili jioni, kwa kila ng'ombe anayekamuliwa: kwa miaka thelathini hakuna aliyethubutu kubadili.

"Kwa hiyo baba hakujua kazi."

"Baba aliijua oti yake, kaka. Hii si yake."

Mbegu mpya ya oti, nafaka waliyolisha ng'ombe, ilikuwa chaguo la kaka, na walianza kuilisha wiki tatu zilizopita. Punje zake zilikuwa ndefu, nene, za kupendeza. Alikuwa akizibeba mfukoni kuwaonyesha majirani. Za zamani, ambazo sasa lilibaki gunia moja la mbegu, zilikuwa fupi na za rangi ya vumbi.

Dada alijaza kopo kwa oti ya zamani, akalisawazisha kwa kijiti, akalimimina kwenye ndoo ya mizani. Kilo moja na gramu hamsini. Akafanya vilevile kwa ile mpya. "Isome mwenyewe."

"Mia saba na tisini." Kaka alijikuna shingo. "Nyepesi, sawa. Lakini punje ni kubwa."

"Tuzimenye."

Muuza nyama aliwakuta wameinamia meza, kila mmoja na punje zake mia, wakibandua makapi kwa kucha. Alikuwa na kamba begani.

"Nimefuata ng'ombe nakuta watu wanamenya oti," alisema. "Mmehamia kwenye kuku?"

"Keti, shemeji," alisema dada. "Uwe shahidi."

Alitumia mizani ndogo ya kupimia dawa za mifugo. Punje mia fupi: gramu tatu na nukta tatu, makapi yake, nukta nane. Punje mia ndefu: gramu nne, makapi, moja na nusu. Kisha viini, kimoja kimoja kwenye kitanga cha mizani. Mbili na nusu. Mbili na nusu.

"Sawasawa," alisema muuza nyama, akicheka. "Kumbe huyu mrefu kavaa koti juu ya koti."

"Na Kidoti amekuwa akila makoti."

Kaka hakucheka. "Mbona wenzake wameshuka nusu lita tu?"

"Wao wanatoa lita sita. Majani yanawatosha. Ng'ombe wa lita kumi na moja hawezi kuzitoa kwa majani peke yake."

"Na uzee?"

"Ungekuwa uzee, maziwa yangerudi?"

Kaka aliokota punje moja ndefu, akaivunja kwa meno, akatema kapi kiganjani. Alilitazama kwa muda.

"Atafika kumi na moja?"

"Kumi na moja sijaiona. Nimeona kumi na nusu."

Muuza nyama akaanza kukunja kamba yake kiwikoni. "Mimi sina haraka," alisema. "Ng'ombe hata akizeeka, maini yake hayazeeki."

Gari lake liliondoka saa tatu na dakika arobaini, nyuma tupu.

Saa kumi na moja jioni kaka alikuja zizini bila kuitwa. Alitungua kopo, akachota mara tatu kwenye ndoo ya mizani, akaongeza kwa kiganja, akapunguza kwa vidole, akaongeza tena punje chache, mpaka ikasoma kilo mbili na gramu mia tano na hamsini, karibu nusu ya yale makopo sita na nusu. Akalirudisha kopo msumarini. Kidoti akashusha kichwa horini.