Kisanduku cha Talal

Gari lilikuwa linanguruma tayari na Bi Hind yumo ndani, mguu mmoja bado nje, anaulizia sidii zake.

"Ziko wapi, Mabrouk?"

"Umezipakata, Bi Hind."

Akatazama pajani. Zilikuwepo, tatu, ndani ya bahasha ya kaki. Akazigusa moja moja.

"Nikifika Maskati, Rawiya akizitia kwenye kompyuta yake, nitamwona Talal?"

"Utamwona."

"Palepale alipokuwa?"

"Palepale. Nshakopi kila kitu. Hata takataka za Khelef zimo humo."

Akacheka kidogo. Dereva akasema, "Bibi, ndege haina adabu, haingoji wakubwa." Akaingiza mguu. Gari likarudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa, maana pale kwao hapana pa kugeuzia. Ilikuwa Machi mwaka 2004. Sidii zile sikuwa nimezijaribu. Kompyuta ilisema kazi imekamilika, na mimi nikasema imekamilika.

Mimi si msomi. Nilisoma mpaka darasa la tano Matemwe, miezi michache Tanga, kisha nikawa Mombasa kwa fundi redio, kisha Dubai, mlinzi wa duka la kompyuta. Mafundi wa pale walinipa bisibisi niwashikie, basi nikajifunza hivyohivyo. Niliporudi Unguja nikakodi chumba Ng'ambo, nikaweka meza na mimi nikaitwa fundi. Mwaka 1998 Khelef, mume wa Bi Hind, akaniita nyumbani kwake Mji Mkongwe nimfungie kompyuta.

Alikuwa na kazi moja tu ya kuifanyia. Ukoo wao wana kiwanja cha makaburi nje ya mji, na makaburi yale hayana majina, jiwe tu la kichwani. Baba yake aliyachora kwenye karatasi, nani kalala wapi, hatua ngapi toka ukutani. Karatasi ikaliwa na mchwa.

"Karatasi ni chakula," Khelef aliniambia. "Mimi ntaweka mahali mchwa hafiki."

Akachora upya kwa kumbukumbu, kisanduku kimoja kwa kila kaburi, na jina ndani yake. Akamwita mkewe aje kutazama. Bi Hind alimzaa Talal mwaka 1971, mtoto akaishi siku kumi na tisa. Khelef alimbeba mikononi, akaenda kumzika na wanaume wenzake, akarudi. Wanawake hawaendi kuzika, na Khelef alikuwa hapendi waende makaburini hata baadaye. Basi kwa miaka ishirini na saba Bi Hind alikuwa hajui mwanawe amelala upande gani. Sasa akaona kisanduku kidogo, kimeandikwa Talal.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya alasiri alikaa mbele ya kompyuta na kumsomea mtoto dua. Hakujua kitu kingine cha kompyuta ila kubonyeza mara mbili ile alama ya ramani.

Khelef alifariki Oktoba mwaka 2003. Bi Hind akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje. Eda ilipokwisha, viza ilikuwa tayari na Rawiya, binti yake, anamhimiza. Mpango wake ulikuwa huu: aende Maskati mwaka mmoja, arudi pamoja na Rawiya, waende na ramani, wahesabu hatua, asimame kwa Talal. Na yeye akifa azikwe ubavuni kwake. Aliniambia hayo huku anakunja kanzu za marehemu.

Kanzu zilifuliwa zote kabla ya kutolewa sadaka. Na kompyuta nayo ilikuwa ya kutolewa, iende Matemwe kwenye chuo cha Kurani cha Maalim Usi, watoto wajifunze kuandika.

"Isafishe kwanza," Bi Hind akaniambia. "Kitu cha marehemu hakitolewi na jasho lake."

Nikaisafisha. Nje nilifuta kwa kitambaa na spiriti. Ndani niliandika sifuri toka mwanzo wa diski mpaka mwisho, isibaki herufi ya Khelef. Ilichukua siku nzima. Sikupenda kufanya nusu.

Simu ya Rawiya ilikuja baada ya wiki tatu.

"Ami Mabrouk, shikamoo. Nimenunua diski nyingine, nimezirudisha humo sidii zako kama ulivyoandika kwenye bahasha. Haiwaki. Inaanza, inazima, inaanza tena."

"Marahaba. Haitawaka, mwanangu. Imeizoea kompyuta ya baba yako, hiyo yako haiijui. Washa kwa diski yako mwenyewe, hiyo iunge pembeni, uifungue tu kama kabati."

Jioni akapiga tena. Nyuma nikamsikia Bi Hind anasema, "Mwambie ipo! Mwambie alama nnaiona!"

"Alama ya ramani ipo," Rawiya akasema. "Mama anabonyeza, inasema faili halipatikani."

"Inalitafuta wapi? Soma herufi ya mwanzo."

"D."

Nikamwambia nitampigia.

Kompyuta ya Khelef ilikuwa na diski mbili. Ya kwanza, C, ilikuja nayo. Ya pili, D, niliifunga mimi kwa mikono yangu mwaka 2001, kwa sababu ya kwanza ilianza kulialia. Khelef akasema, "Vitu vyangu vya maana tia kwenye hiyo mpya." Nikavitia. Kwenye C ikabaki alama peke yake, ya kuonyesha njia. Nilipokopi, nilikopi C. Nilipofuta, nilifuta zote mbili. Niliziona mbili, nikazifuta mbili, na hakikunijia kitu kichwani. Ramani yenyewe ingeliingia kwenye flopi moja.

Nikaenda Matemwe. Maalim Usi akanipokea mlangoni.

"Umekuja kuipokonya sadaka, Mabrouk?"

"Nimekuja kuitazama tu."

"Itazame. Inafanya kazi vizuri mno, kama mpya."

Nilikaa nayo kutwa na programu ya kufufua mafaili. C ilikuwa na mazoezi ya watoto. D haikuwa na kitu.

Kesho yake nikaenda makaburini. Majani yalifika magotini. Niliyafyeka upande wa ukuta nikakuta vijiwe vidogo kumi na kimoja, vya watoto. Nikampigia Bi Hind palepale. Nilimweleza yote, diski mbili, sifuri, vijiwe.

"Kumi na kimoja?"

"Kumi na kimoja."

"Chagua kimoja, uniambie ndicho."

"Siwezi, Bi Hind. Nilikwambia utamwona, nami sikuwa nimetazama."

"Basi ntarudi nikasimame wapi?"

Nikavihesabu tena vile vijiwe. Akasema, "Haya, Mabrouk," na simu ikakatika. Nikavifyekea vyote kumi na kimoja, nikarudi mjini.

Bi Hind hakurudi. Alifariki Maskati mwaka 2007 na akazikwa hukohuko. Rawiya aliniambia kaburi lake lina namba, akanitajia namba bila ya mimi kumuuliza. Diski anayo bado, kwenye mtoto wa meza, na alama ya ramani imo ndani yake. Nyumba ya Mji Mkongwe imepangishwa, chini wanauza vinyago. Kompyuta ya Matemwe ililiwa na chumvi ya bahari, ikafa mwaka 2006. Maalim Usi amehamia Pemba. Chumba changu cha Ng'ambo nilikirudisha kwa mwenyewe, nikakaa Mombasa kidogo, sasa nipo Tanga. Natengeneza pasi na feni.