Senti Kumi za Pacha

Wanaume wengine wa Kaloleni walimalizia Jumamosi zao baa. Mume wangu Absalom alimalizia zake mezani kwetu, akitoa madoa kwenye sarafu kuukuu, na kwa kuwa hakuniletea pombe wala wanawake nyumbani, sikuwa na neno. Ila mezani hapo palikuwa hapakaliki. Maji ya betri kutoka kituo cha petroli, kwa sababu eti maji ya bomba yana dawa. Kikombe cha mafuta ya zeituni, ambamo sarafu zililala majuma na majuma huku sisi tukipikia kimbo. Kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe.

Na mahubiri je! Kutu ya kijani inakula sarafu, itoe polepole. Rangi ya kahawia na weusi ni ngozi yake, iache. Limau na chumvi aliviona kama dhambi. Aliwahi kumfokea kaka yangu Obiero kwa kuing'arisha shilingi ya zamani, akamwambia heri angeitupa ziwani.

Pacha wetu walipozaliwa mwaka 1984, Apiyo kwanza kisha Adongo, mama mkwe wangu Dorca alitoka Katito kuja kuwafunga uzi kiunoni. Absalom akafungua sanduku lake akatoa sarafu mbili za senti kumi za kutungwa kwenye uzi huo, zile zenye tundu katikati, taji upande mmoja na pembe za ndovu upande wa pili, zote za mwaka 1952. Ilibidi zilingane. Kwetu pacha hupewa sawa: gauni kwa gauni, samaki kwa samaki, na ukimchapa mmoja sharti umguse na mwenzake, hata kama alikuwa amelala. Mchungaji aliyekuja kuwaombea alizitazama zile senti akakunja uso, lakini hakuthubutu kubishana na Dorca.

Jasho la miaka minne likazitenganisha. Ya Apiyo ikaota doa la kijani kando ya taji, dogo kama punje ya wimbi. Ya Adongo ikawa nyeusi tu.

Mvua za mwaka 1988 zilikuja na homa, na Apiyo akaenda nayo. Kabla ya mazishi Dorca aliukata uzi wake. Kisha akaukata na wa Adongo, ili asiwepo mwenye kitu ambacho mwenzake hana. Akanipa senti zote mbili ndani ya kitambaa.

"Matanga ikiisha nitakuja kumfunga Adongo yake," akasema. "Ile ya Apiyo ni yako, mama. Lakini usichanganye. Mtoto hawezi vaa kitu ya mwenye ameenda."

Nikarudi ufukweni Dunga kukaanga samaki wa kuuza. Watu walioniita Min Apiyo, mama yake Apiyo, tangu niwe mzazi wakaanza kuniita Min Adongo, haraka hivyo, kama waliokubaliana kikaoni. Walisema Mungu amenitia nguvu kwa kuwa sikulia. Sikuwa na nguvu wala udhaifu. Sikuwa na kitu. Mafuta ya moto yalinirukia mkononi nikayatazama tu mpaka Benta, aliyekaanga kwenye karai la kando yangu, akanivuta.

Kitu kimoja tu kilinigusa. Nikirudi nyumbani nilifungua kitambaa nikaweka kidole gumba juu ya lile doa la kijani. Lilikuwa na mkwaruzo kidogo. Hapo kooni palikuwa panataka kufunguka, halafu pananyamaza. Nililingojea hilo kila siku.

Asubuhi ambayo Dorca alitarajiwa, nilifungua kitambaa nikakuta senti mbili mpya. Zinang'aa, nyekundu kama sufuria ya shaba, zote sawasawa.

Absalom alikuwa amesimama nyuma yangu. Ndiyo kwanza nikasikia harufu ya limau mikononi mwake.

"Nimezisafisha," akasema. "Ya Apiyo ilikuwa inaliwa. Nilikuwa naona vile unaishika, nikasema isiishe."

"Kwa limau?"

"Nilianza na mafuta. Kijani ikatoka, ilikuwa juu juu tu. Lakini ikaacha alama nyeupe, na ile ingine bado nyeusi. Sasa zikawa si sawa. Ningeachaje moja safi na ingine chafu, Min Apiyo? Hawa ni pacha. Ndio nikazisugua zote mpaka zikafanana."

"Sasa ya Apiyo ni gani?"

Alizichukua. Akazigeuza, akazipeleka dirishani, akavaa miwani, akaivua. Nilimwona anaelewa alichofanya. Akakaa juu ya kitanda.

Nilizinyang'anya mkononi mwake nikazilamba, moja, kisha nyingine, nikitafuta chumvi ya tumbo la mtoto wangu. Zote zilikuwa na uchachu wa limau. Nilitaka kumpiga, na mkono haukuinuka.

"Taja moja," nikamwambia, nikiziweka kitandani mbele yake.

"Lornah, sijui."

"Nimekuuliza kama unajua? Taja. Mama yako yuko njiani."

Absalom hakuwa mwongo. Hata bei ya sarafu hakuweza kumdanganya mnunuzi, ndiyo maana hatukuwahi kutajirika. Alizitazama, machozi yakimdondoka kwenye shati, kisha akaisukuma moja kwa kidole.

"Hii," akasema. "Hii ndio ya Apiyo."

Nikaifunga kwenye pindo la leso yangu. Nikaiamini kwa sababu sikuwa na nyingine ya kuamini.

Dorca alifika saa sita, akapewa maji, akaomba uzi. Nilipompa senti iliyobaki hakuuliza kwa nini inang'aa, kwake sarafu ni sarafu. Adongo alisimama katikati ya chumba ameinua gauni, na nyanya yake akamfunga. Mtoto akainama akaitazama.

"Dana, hii si yangu," akamwambia nyanya yake. "Yangu ni nyeusi."

Absalom akatoka nje.

"Ni yako," nikasema. "Baba ameiosha."

Adongo akafikiri. Akaligusa lile tundu kwa kidole.

"Na ya Apiyo ameosha?"

"Ameosha."

"Iko hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Basi sawa," akasema, akashusha gauni, akaenda kula.