Picha ya Mwisho ya Velizar

Kwa kusema uongo, Stoyna hakuwa na mpinzani mtaani kwao; na mtaa wenyewe ulibaki na nyumba mbili zenye watu, ya pili ikiwa ya Gina, ambaye hakuweza kudanganya hata umri wake.

Tangu wamzike mumewe Velizar kwenye theluji, wakafunga utepe mweusi wa msiba juu ya mlango, Stoyna hakupata usingizi. Nyumba ilikuwa ya manispaa. Velizar alipewa kwa sababu ya jina lake, maana picha zake za watu wenye pua ubavuni zimetundikwa Paris na Vienna. Sasa mwenye jina kaenda. Mjane akaambiwa: kama marehemu alichora chochote humu, nyumba itakuwa makumbusho, nawe utabaki kuwa mlinzi. La sivyo, utahamia nyumba ya wazee.

Velizar hakuchora humo hata kuku. Tangu arudi kutoka Paris alivua samaki, akanywa rakia, ile pombe kali ya plamu, akazilaani brashi.

"Ungenichorea hata sufuria, mzee wangu!" Stoyna alilia kaburini. Kaburi likanyamaza, kama mwenyewe alivyonyamaza kila akiulizwa jambo la maana.

Basi akazilainisha kwa vidole rangi za marehemu zilizoganda, akaketi uani, akaichora nyumba. Kuta za bluu akazipinda makusudi, paa akalilaza ubavuni, na kila alichokiona akakitia. Picha akaianika juu ya jiko mpaka ikakauka.

Siku Bwana Kamen wa makumbusho ya manispaa alipokuja, Gina naye alijileta. Alisikia kuna rakia.

Kamen aliitazama picha mpaka akavua kofia. "Mama, hii ndiyo kazi yake bora. Aliichora lini?"

"Mwaka jana, mwanangu, miplamu ilipochanua. Alikaa pale pale uani, mzima wa afya."

Gina akasogea, glasi mkononi. "Lo, shoga! Na utepe niliokufungia siku ya maziko umo! Tazama, fundo langu lile lile baya!"

Kamen akautazama mlango. Akarudi kwenye picha.

"Miplamu ilipochanua, Mama?"

"Wasanii huona mbali, mwanangu."

"Mpaka fundo la Bi Gina?"

Stoyna akaingiza mikono haraka chini ya aproni. Lakini Gina, asiyejua kudanganya wala kunyamaza, alikuwa ameshauliza:

"Shoga, mbona kucha zako za bluu?"